Nipe Kopi

Rubona, 4 Juni 2024

Muzee Kadiri,

Mi ni Mukundwa, ule binti wa shati ya kijani ulifukuza jana kwa salle ya mutihani mbele ya watu wote. Kwa ofisi ya mutihani wamekataa kunipa namba yako ya simu. Wanasema ni mwiko musimamizi kuongea na mutu mwenye iko na kesi. Bon. Lakini mama yangu anauzishaka samaki ya sambaza kwa soko ya Gisenyi, na we unanunuaka kwake, donc yeye njo atakuletea hii barua. Hajui kitu. Nilimuambia we ni mwalimu unanisaidia masomo. Tafazali usimuambie, iko na presha.

Nataka kujua kitu moja: umeandika nini juu yangu? Leo asubui nilikuja kwa mutihani ingine, mulinzi wa geti akaniambia jina yangu imefungwa. Nikamuuliza imefungwa na nani. Akasema, "Na karatasi." Hii mwaka njo ya mwisho. Bado mutihani mbili tu, halafu nimalize. Kwetu hakuna mutu amemaliza université, hata mumoja.

Ndiyo, niliongea. Sikatae. Nilimuomba Igor kopi. Iyo tu! Mutu anafukuzwa juu ya iyo? Na vile ulinishika mukono, na vidole viwili, kama mutu anashika mukia ya panya ya kufa. Watu walicheka.

Nijibu. Mama atapita kesho.

Mukundwa


Majengo, Gisenyi, 5 Juni 2024

Kwa Mukundwa,

Salamu nimempa mama yako. Wewe nitakupa siku utakaponipa sababu.

Amenikabidhi barua yako sokoni ikiwa imekunjwa chini ya sambaza, akakataa katakata nilipe. "Fata, chukua tu, mwalimu," akanisukumia mfuko, "we unanisaidia mutoto." Nilirudi nyumbani na mfuko unaochuruzika maji ya samaki na uongo wako, nisijue kipi kinanuka zaidi.

Unauliza nimeandika nini. Nilikuwa napita nyuma ya viti vyenu. Nikakusikia ukimnong'oneza kijana wa kushoto kwako, "Igor, nipe kopi." Nikamwona akiziba kazi yake kwa mkono. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, nami nikaandika kwamba umemwomba mwenzako majibu yake uyanakili.

Huwezi kusema hukujua. Kabla hamjafunua maswali niliwasomea kila kitu, taratibu, kama watu wanavyosomewa wosia. Mikoba ikae ukutani, simu zizimwe zibaki humo. Kitambulisho kiwe mezani, picha juu. Maji yawe kwenye chupa isiyo na karatasi ya nembo. Mtu aandike namba yake, asiandike jina. Anayekwenda haja atasindikizwa. Anayepungukiwa na chochote anyooshe mkono na akae kimya mpaka nimfikie. Asimwombe jirani hata kifutio. Nilisema hivyo, hata kifutio. Wengine walikuwa wanapiga miayo.

Wewe huijui siku ya mtihani kwa upande wa anayesimama mbele. Chooni nilikuta kurasa za kitabu zimebandikwa nyuma ya mlango kwa chingamu iliyotafunwa, na ukurasa mwingine umeelea mahali ambapo ilinibidi kuutoa kwa kijiti, kwa kuwa ni ushahidi. Msichana mmoja alikuwa ameandika hesabu pajani, na wino umechuruzika kwa jasho. Halafu Jack, yule wa safu ya nyuma. Nilimwambia afumbue mdomo. Akanitemea kiganjani donge la karatasi, la uvuguvugu, limelowa mate. Nililitia kwenye bahasha. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa ndimu, na bado mkono huu silii chakula.

Nikuambie kwa nini nachukizwa kiasi hiki. Niliondoka mji huu nikiwa na miaka tisa, juu ya magunia, nyuma ya lori la baba. Tuliishia Tabora. Huko nilisoma, nikafundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, nikarudi hapa mwaka juzi na mvi zangu. Ugenini hatukuwa na ardhi, hatukuwa na mjomba serikalini. Tulikuwa na vyeti. Mtoto wa mkimbizi akishikwa na jibu la wizi, hakusemwa yeye. Walisema, "Ndivyo walivyo hao." Kwa hiyo hatukuiba. Tulifeli, tukarudia, tukafeli tena, lakini hatukuiba. Na sasa nimerudi kwetu, nasimama mbele ya watoto wa kwetu, wenye nchi na vitanda, na ninaokota mate yao.

Ungeniomba radhi ningeikalia barua yako. Badala yake unaandika "nilimuomba Igor kopi, iyo tu," kama mtu aliyeomba chumvi. Sijawahi kusoma ungamo lisilo na haya kama hilo. Basi nimelipeleka kwa Bi Mutesi wa ofisi ya mitihani, liambatane na ripoti yangu.

Na haisemwi "mutihani ingine." Ni mtihani mwingine.

Sulaiman Kadiri


Rubona, 6 Juni 2024

Muzee,

Umepeleka barua yangu!

Nilikuandikia we. Sikuandikia ofisi. Nilikuita muzee, nilikutumia mama yangu mwenyewe, na we ukachukua karatasi kwa mukono yake ukaenda kuniuza nayo. Halafu unanielezea juu ya haya.

Leo wameniita. Bi Mutesi alinionyesha barua yangu kwa file, iko na alama ya mafuta ya samaki. Amesema kamati inakaa tarehe kumi na tatu, na kwa kosa kama yangu ni miaka mbili inje. Miaka mbili! Mama atakuwa ameniozesha, ao amekufa. Nikamuambia, "Mais madame, niliomba kopi tu." Akaangalia dirisha. Akasema, "Umeisha kuandika, binti. Imetosha."

Kila mutu anaomba kopi! Tangu primaire, kule Goma kwa shangazi yangu, tulikuwa tunaomba kopi na mwalimu anatuona, hakuna mwenye alifukuzwa. Na mukono nilinyoosha, kwanza, kabla ya kuongea. Nilinyoosha mpaka ikakufa ganzi. We ulikuwa kule nyuma unatazama mate ya Jack kama mutu ameokota almasi. Igor naye alikuona unakuja, akaogopa, akajifunika. Sasa hapokei simu yangu.

Kiswahili yangu usinisahihishe tena, hii haikuwa devoir ya darasani. Unasema sisi tunakuchukiza. We hujiulizi kama na we unachukizaka watu?

Mama anasema unamusalimia vizuri sana. Acha kumusalimia.

Mukundwa


Majengo, 10 Juni 2024

Kwa Mukundwa,

Sina haki ya kukusalimu, kwa hiyo naanza na habari yenyewe.

Leo asubuhi nilisimamia mtihani wa uhasibu, mimi na mwenzangu Bahizi. Watahiniwa walipofika katikati, kijana wa mbele akanyoosha mkono. Nilimwendea. Akasema, "Muzee, kopi."

Nilidhani ana wazimu. Kumwomba msimamizi mwenyewe, usoni! Nikamwambia kwa sauti, "Huna haya? Mimi ndiye nikupe?" Chumba kizima kikainua vichwa. Kijana akabaki amenikodolea macho. Bahizi akaja mbio kutoka mlangoni, akachukua karatasi tupu ya majibu kwenye rundo langu, akamwekea mezani, kijana akaendelea kuandika.

"Unampa nini?" nikamuuliza.

"Ameomba kopi, Muzee."

"Nimesikia alichoomba!"

"Bon, si umupe. Kopi njo hii. Karatasi ya kujibia. Yake imejaa." Akanitazama. "Kwani kule Tanzania munaiita nini?"

Nikamwambia kwamba kule, kopi ni nakala, na anayemwomba jirani kopi ndani ya mtihani anaomba kuangalizia. Bahizi akaziba mdomo asicheke. "Hapana, Muzee! Mwenye anataka kuiba anasema 'nionyeshe.' Kopi ni neno ya shule, ya Kifaransa, tangu wakati wa babu zetu."

Babu zetu. Wangu pia alikuwa wa mji huu. Kama baba angeendelea kukaa hapa, nami ningeomba kopi darasani kama ninyi. Lori lilipoondoka neno hilo lilibaki, na mimi nimerudi nimejaa maneno mengine, nikiyatumia kama rula.

Nilikaa chini nikakumbuka nilichokiona siku ile na kukipuuza. Nilipokunyang'anya karatasi yako ilikuwa imejaa pande zote mbili, na neno la mwisho limekatika nusu ukingoni kwa kukosa nafasi. Nililiona. Nilikuwa nimejaa karaha ya Jack, nikawa natafuta mchafu wa pili. Bahizi, niliyesimamia naye siku ile pia, anakumbuka kwamba Igor alirudisha karatasi moja tupu. Nilikuwa nimempa mbili zilizogandana. Ulimwomba hiyo ya ziada. Kosa lako ni kuongea, na adhabu ya kuongea ni onyo.

Kuna lililo baya kuliko kutojua neno. Kwenye ripoti hakuna hata neno lako moja. Nilikutafsiri. Laiti ningeandika "Igor, nipe kopi" kama ulivyosema, mtu yeyote wa hapa angesoma akapuuza. Nikaweka pale sentensi yangu, nikatia sahihi, nikaiita ushahidi. Miaka yote Tabora nilikuwa nikiwachapa watoto kwa kosa hilo: kuweka mdomoni mwa mtu asichosema.

Na barua yako niliipeleka. Kwa hilo sina neno la kujitetea katika lugha yoyote. Ulinitumia kwa imani.

Mchana nimemwandikia Bi Mutesi kwamba naiondoa ripoti. Tarehe kumi na tatu nitakuwepo hata akikataa. Njoo, tafadhali, usinyamaze.

Jambo la mwisho ni mama yako. Leo amenipa tena samaki. Nilipofungua mfuko nikashindwa hata kuwasha moto. Mwambie wewe, kwa maneno yako, kabla ya kamati. Akija kwangu tena bila kujua, nitamwambia mwenyewe.

Sulaiman Kadiri


Ofisi ya Mitihani, 11 Juni 2024

Mzee wetu Kadiri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili, nje ya faili, kama mtoto wa Majengo anavyomwandikia jirani wa baba yake.

Nimepokea barua yako ya jana. Moyo wako ni mzuri. Lakini nakuomba uliache jambo hili lipite. Ripoti ikishaingia haiondolewi. Binti mwenyewe ameandika na kutia sahihi, na kuongea ameongea, hilo halikani. Miaka miwili si kifo.

Nikuambie ukweli. Nilipoisoma barua yake, kwenye lile neno nilisita kidogo. Lakini ripoti yako ilikuwa wazi, na mimi ni nani wa kumsahihisha mwalimu wa Kiswahili? Muhula huu tumeambiwa tuoneshe kwamba tunakamata. Kesi yako ndiyo nzuri kuliko zote: ina shahidi, ina ungamo.

Halafu fikiria upande wa pili. Lile donge ulilonipa la Jack limekauka, hakuna herufi inayosomeka. Limebaki neno lako tu. Baba yake atakuja na wakili. Ukisimama mbele ya kamati ukasema ulisikia vibaya kwa Mukundwa, wataniuliza ulisikia nini vizuri. Mwizi wa kweli atatoka akicheka, na wewe hutaitwa tena kusimamia. Nani atafaidika?

Pumzika tarehe kumi na tatu. Nitasema unaumwa.

Mutesi


Majengo, 12 Juni 2024

Kwa Bi Mutesi,

Wa alaykum salaam.

Siumwi.

Unasema ulisita. Mtu husita mbele ya dimbwi, akapima kwa jicho, akaruka. Wewe ulisita mbele ya miaka miwili ya mtoto wa mtu, ukaruka, na viatu vyako vikabaki safi. Mimi sikulijua neno. Ni aibu, na nitaibeba mwenyewe. Wewe ulilijua tangu ulipojua kushika kalamu, ukalifunika kwa heshima yangu. Tangu jana nasikia uchafu wa ile heshima mwilini kuliko mate ya Jack.

Kuhusu Jack nimefikiri, na jibu langu halinipendezi. Atatoka, na atacheka, na nitamsikia. Alitafuna karatasi mbele ya macho yangu na nitalisema hilo hilo kamatini. Wasiponiamini, watakuwa na sababu ya kutoniamini, nami ndiye niliyewapa. Lakini sitamfunga mwizi kwa kamba niliyomvika asiyeiba.

Kesho nitaomba barua ya binti isomwe kwa sauti, kama alivyoiandika, mbele ya wazaliwa wa hapa.

Jina langu litoe kwenye orodha ya wasimamizi leo, isiwe shida yako kesho.

S. Kadiri


Rubona, 14 Juni 2024

Muzee Kadiri,

Jana kamati iliendelea baada ya we kutoka, donc nakuandikia yenye hukuona.

Wamenipa onyo ya kuongea. Ile ingine wamefuta, juu barua yangu iliposomwa kwa sauti wote walielewa kopi ni nini. Mutihani zangu tatu, ile ulikatiza na zile mbili, nitazianza Jumatatu, peke yangu, kwa salle ndogo. Jina yangu imefunguliwa kwa geti. Iyo imeisha.

Jack naye wamemurudisha. Ulisema ukweli juu yake, na wakakuuliza, "Muzee, una hakika na hii?" na we ukanyamaza kidogo kabla ya kujibu ndiyo. Iyo kidogo njo ilimuokoa. Alinipita kwa korido akanipiga bega: "Merci, ma sœur, we njo umetuokoa." Nilienda kunawa iyo bega. Sasa naelewa ile maneno yako ya sabuni na ndimu, lakini sitaki kuelewana na we.

Mama nilimuambia juzi, tukiwa tunaanika sambaza. Nilifikiri ataanguka. Hakuanguka. Aliuliza kitu moja tu: "Na samaki zangu alikuwa anakula?" Nikamuambia sijui. Akasema, "Alikula. Ile ya kwanza alikula, nilimuona kesho yake, uso ilikuwa inang'aa." Halafu akatukana kwa Kinyarwanda, maneno yenye siwezi kuandika kwa muzee, hata kama ni we.

Sasa sikia. Ulipotoka, Bi Mutesi alifunga mulango, akabadilisha sauti, akawa mutamu kama fanta. Akasema, "Binti, umeteseka. Andika malalamiko juu ya ule muzee. Mugeni, hajui hata lugha yetu. Tutaweka kwa file kwamba kosa yote ilikuwa yake, na mambo yaishe." Akashika kalamu, akaniambia niseme tu, yeye ataandika kwa Kiingereza kizuri.

Nikakumbuka siku nilimuambia niliomba kopi tu, vile yeye aliangalia dirisha. Nilikuangalia kwa dirisha. Ulikuwa umesimama inje kwa jua, kofia mukononi, hujui uende wapi. Sikukuhurumia. Nilikuwa na hasira na we mpaka meno inauma. Na nilijua nikifungua mudomo vile yeye anataka, we unaisha, na yeye anaenda kunywa chai.

Nikasema, "Andika kwa Kiswahili. Vile inatoka kwa mudomo yangu. Usigeuze."

Akasema Kiswahili haitumikake kwa file. Ule mubaba wa kamati, ule wa mvi, akasema, "Andika, Mutesi."

Nikasema: "Huyu muzee alinikosea. Hakujua neno. Alipojua, alikuja mwenyewe kusema alinikosea. Na Bi Mutesi alijua neno tangu siku ya kwanza."

Kalamu ikasimama. Nikangoja. Wale wengine walikuwa wanamutazama yeye, hawanitazame mimi. Akaandika. Nikamuambia hapo kwa "alijua" herufi moja haionekane, arudie. Akarudia. Nikasoma yote, polepole, nikatia sahihi.

Kukusamehe, bado sijafika. Pengine sitafika. Ukiniona kwa barabara, pita upande yako.

Mukundwa